Michirizi ya Zambarau

Ukiingia studio ya Ng'aa umechoka, umekunja uso, jicho moja limevimba kwa kukosa usingizi, utatoka na picha ya mtu aliyelala fofofo wiki nzima. Ndiyo maana watu wakamwita Ng'aa. Jina lake la kweli lipo kwenye leseni ukutani, lakini leseni yenyewe imefunikwa na kalenda na hakuna aliyewahi kuuliza. Picha za pasipoti, picha za vitambulisho, picha za kuombea kazi, wote wanakalishwa kwenye stuli ileile mbele ya pazia jeupe, na wote wanatoka wakiwaka usoni kama waliomeza taa.

Siri yake wala haikuwa siri. Juu ya kamera palikuwa na gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza mwanga. Ukiliacha kwenye sifuri, kamera inapima yenyewe na kukupa kitu kilivyo. Ng'aa alilipandisha hatua moja juu miaka tisa iliyopita, akaona nyuso zimependeza, na kwa vile lilikuwa na tabia ya kuteleza kila alipoitoa kamera begini, akalibandika utepe mweusi wa umeme. Basi, imetoka hiyo. Utepe ukashika vumbi na jasho la vidole, ukawa sehemu ya kamera, na yeye akasahau kabisa kwamba chini yake kuna gurudumu.

Na tabia hiyo ya kung'arisha haikuishia kwenye kamera, jamani. Ng'aa alikuwa bingwa wa kuwavika watu kilemba cha ukoka. Mwenye sauti ya debe alimwambia ana sauti ya redio, mwenye biashara iliyokufa alimwambia mwezi ujao mambo yatanyooka. Hakuwa mwongo wa kudhuru mtu. Hakuweza tu kumwona mtu na huzuni yake akamwacha nayo.

Aliyemjua kuliko wote ni dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mume wa dada alipofunga virago, Ng'aa alimwambia dada yake, "Atarudi tu. Jana nimekutana naye sokoni, ana majuto mpaka anatia huruma." Hakuwa amekutana naye sokoni wala popote. Dada alingoja miezi minane, akipika chakula cha watu wawili, mpaka alipopata habari kwamba mwanamume yule aliuhama mji siku ileile aliyoondoka. Hakumgombeza mdogo wake. Alimwambia tu, "Kuanzia leo maneno yako nitayachuja kama chai."

Majirani walimwita dada huyo Mama Miiba. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashina arobaini ya mawaridi, na kwa miaka kumi na moja kila asubuhi alikuwa akiinama na brashi ya wanja, anachukua chavua ya ua hili anaipaka lile, anafunga kijifuko cha karatasi, anasubiri mbegu, anaotesha, anasubiri tena. Kila mche aliupa namba na kuuandika kwenye daftari, na mbele ya namba akaandika rangi ya ua lake. Alikuwa anatafuta waridi lenye rangi mbili kwenye petali moja, moja ya moto na moja ya kivuli. Na kila mwaka yalichanua mekundu. Mumewe alipokuwa akitoka mlangoni na sanduku, maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Miaka yote hii, na bado ni waridi jekundu tu." Watu wakayadaka maneno hayo wakayafanya utani. Akipita mtaani, utasikia, "Vipi, Mama Miiba, limetoka?" Na mwingine anajibu kwa niaba yake, "Limetoka! Jekundu tu!"

Sasa sikilizeni balaa. Mwaka huu mche wa mia tatu na kumi na mbili uliweka vitumba vitatu, na mwezi huohuo ugonjwa wa mnyauko ukaingia bustanini. Bwana mkaguzi wa mimea akaja, akakata kijiti, akakiangalia, akaandika. Mashina yote arobaini yang'olewe na kuchomwa moto Alhamisi saa nne asubuhi, pasitoke jani, mbegu wala kijiti. Vitumba viwili vilinyauka kabla ya kufunguka.

Alhamisi hiyo, Ng'aa alikuwa ndiyo kwanza anafungua milango ya studio alipomwona dada yake anakuja mbio, kandambili zinapiga lami, kitambaa chekundu kichwani kimekaa upande.

"Shikamoo, dada! Leo umeamka umependeza mpaka..."

"Marahaba. Usianze. Chukua kamera twende."

"Kuna nini?"

"Limefunguka." Alishika fremu ya mlango apumue. "Alfajiri ya leo. Moja tu, lakini ndilo lenyewe. Ng'aa, ndilo. Yule bwana anakuja saa nne. Nataka picha moja."

"Hata kumi."

"Moja, lakini ya kweli. Sitaki lipendeze. Nataka liwe vilevile lilivyo, rangi yake, michirizi yake, ili hata nikifa mtu aone kwamba sikuwa chizi. Unanisikia? Usiling'arishe."

"Haki ya Mungu, dada, nitalipiga lilivyo."

Na alikusudia hivyo kwa moyo wake wote. Hilo naomba mlikumbuke.

Bustani ilikuwa inatia majonzi. Majani yalining'inia kama nguo mbovu kwenye kamba, udongo una harufu ya uozo. Lakini katikati, kwenye shina jembamba lililokwisha kuanza kuinamisha kichwa, kulikuwa na ua. Ng'aa alipolikaribia, maneno yote matamu aliyozoea kuwamwagia watu yalimkauka. Lilikuwa jekundu, ndiyo, jekundu la kaa la moto linaloelekea rangi ya chungwa pembezoni. Lakini ndani ya kila petali, kuanzia kitovuni kwenda juu, ilipita michirizi mitano ya zambarau, myembamba kama uzi wa kushonea, na ule wa kati ukifika juu uligawanyika mara mbili. Alihesabu petali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yote mitano. Kwenye zote, ule wa kati umegawanyika.

"Dada," alisema, "umelipata."

"Hata wewe unaiona?"

"Naiona. Mitano kila petali."

Mama Miiba alifunika uso kwa viganja akalia, kilio kifupi, halafu akajifuta. "Haya, fanya kazi. Jua linapanda."

Mwacheni kwanza Ng'aa apate sifa zake, maana siku ile alifanya kazi. Alimwambia dada avue kile kitambaa chekundu, kisije kikatupia wekundu wake kwenye petali. Alitandaza shuka jeupe juu ya vijiti viwili ili jua lisilipige ua moja kwa moja. Aliionyesha kamera karatasi nyeupe kwanza, iujue weupe, rangi zisipotoke. Alingoja upepo utulie, pumzi ameibana. Ukuta wa jirani uliopakwa kijani ulikuwa unaharibu mandhari, basi akatoa begini kitambaa cheusi cha studio akakitundika nyuma ya ua. Kisha akaiacha kamera ipime mwanga yenyewe, kama alivyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka tisa, akabonyeza. Alipiga thelathini na sita.

"Piga na ya simu pia," dada alisema. "Kwa tahadhari."

Ng'aa alicheka. "Dada, unamwambia fundi apige ya simu? Unataka kunitusi mbele ya kazi yangu?"

Kioo cha nyuma cha kamera kilipasuka zamani, na juani kilionyesha picha kama kitu kilichoko nyuma ya moshi. Alikikinga kwa kiganja, akachungulia. Aliona wekundu, aliona umbo la waridi, liko katikati, halikutikisika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuirudisha kamera begini.

Bwana mkaguzi alifika saa nne kamili, mtu mpole mwenye buti za mpira, akifuatana na vibarua wawili. Alichovya buti kwenye beseni la dawa getini, akasalimia, akatoa pole.

"Bwana mkaguzi," Mama Miiba alisema, "kabla hujaanza, njoo uone hili."

Alikuja. Macho yake yalikwenda kwenye shina, yakashuka kwenye udongo, yakapanda kwenye jani lililonyauka. Ua alilitupia jicho kama mtu anayepita.

"Zuri, mama. Hata mke wangu anapenda mawaridi mekundu."

"Niachie hili moja. Nitaliweka ndani kwenye gilasi. Halitatoka."

"Mama, pole sana, ningekuwa na uwezo ningekuachia. Ugonjwa huu unakaa hata kwenye maji ya gilasi."

Shina la mia tatu na kumi na mbili lilikuwa la tisa kung'olewa. Halikuleta ubishi wowote, mizizi ilikuwa imeoza. Vibarua waliyarusha yote shimoni, wakamwaga mafuta ya taa, na moto ulipolipuka Mama Miiba hakupiga kelele wala hakugeuza uso. Alisimama na kitambaa chake mkononi. Moshi ulipomfikia alimwambia mdogo wake, "Si kitu. Lipo kwenye kamera."

Saa sita mchana Ng'aa alikaa mbele ya kompyuta yake studioni, akafungua picha ya kwanza.

Alidhani macho yamemdanganya kwa sababu ya moshi. Akayapikicha. Akafungua ya pili, ya tano, ya kumi na saba. Kwenye kioo palikuwa na doa jekundu, kubwa, bapa, mfano wa rangi ya mlango iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Pembezoni ungejua ni waridi. Ndani hapakuwa na kitu. Petali moja iliingia kwenye nyingine bila mpaka, na michirizi, hata mmoja wa dawa, haukuwepo. Alifungua zote thelathini na sita. Zote sawasawa.

Wekundu una ukaidi wake, na hili Ng'aa alilijua, alifundishwa akiwa bado mwanagenzi. Kamera inagawa mwanga kwenye ndoo tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Ua jekundu linaijaza ile ya kwanza mbio mbio wakati zile mbili hazijafika hata nusu. Anayepiga picha ya maua yenye rangi kali anatakiwa kupunguza mwanga, ndoo isifurike, kwa sababu ikishafurika kamera haina tena pa kuandika tofauti ya mstari na mstari. Yeye alikuwa amefanya nini? Aliweka kitambaa cheusi nyuma, kamera ikadhani pana giza, ikaongeza mwanga. Lakini hata hilo lisingetosha kuua kila kitu. Alishusha macho kwenye kamera iliyokaa mezani, akaona utepe.

Akaubandua kwa ukucha. Ulitoka na gundi nyeusi, na chini yake gurudumu lilikuwa palepale alipolifungia. Hatua moja juu.

"Ala!" alisema peke yake. "Ala, Ng'aa! Ng'aa mjinga wee!" Akajipiga kofi la paji la uso, kisha la pili, kisha akakaa ameshika kichwa kwa mikono miwili na machozi yakaanguka kwenye vitufe vya kompyuta. Alilia kwa sauti, bila haya, mlango uko wazi. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho alichungulia, akamwona, akaenda zake taratibu.

Alijaribu kila alichokijua. Alipunguza mwanga kwenye kompyuta, doa likawa la damu ya mzee, lakini bapa vilevile. Kama angehifadhi picha mbichi, ile ambayo kamera inaiweka kabla ya kuipika, pengine angeokoa chochote, lakini mashine yake ya kuchapia picha za pasipoti ilitaka zilizopikwa tu, na kamera alikuwa ameipanga hivyo tangu ainunue. Saa nane ikapita. Kule bustanini hapakuwa na kitu ila shimo la majivu, na dada yake alikuwa amekaa anangoja.

Hapo ndipo akafanya jambo ambalo mimi nikilikumbuka nataka kumnasa kibao. Angemwendea na ukweli moja kwa moja, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Ng'aa hakuwahi kumpelekea mtu huzuni mkononi. Alikuwa na programu ya kufuta chunusi na kuchora nyusi, akaifungua, akachagua rangi ya zambarau, akachukua kalamu nyembamba kuliko zote. Alikumbuka kila mchirizi. Mitano kila petali, wa kati umegawanyika. Alichora kwa saa mbili mpaka shingo ikamkakamaa, akachapa kwenye karatasi nzuri, akajiambia kwamba hajadanganya, kwamba amerudisha tu kilichokuwepo.

Dada yake alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa ameoga na kubadili nguo, na juu ya meza alikuwa ameweka daftari la mwisho, limefunguliwa. Mbele ya namba mia tatu na kumi na mbili alikuwa ameandika asubuhi ile, kwa herufi za kutetemeka: *jekundu, lina michirizi ya zambarau.* Chini yake aliacha nafasi ya kubandika picha.

"Lete," alisema.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani. Ng'aa alibaki amesimama katikati ya chumba. Dada aliitazama. Tabasamu lilikuja, likakaa kidogo, likaanza kuondoka.

"Hii umeichora."

"Dada..."

"Michirizi hii umeichora, Ng'aa. Ona, hapa imepita juu ya mkunjo bila kukunjika. Miaka kumi na moja nakaa na petali, unadhani sijui zinavyokunjika? Nipe ile ambayo hujaigusa."

Alikuwa nayo begini, ameichapa pia, hata yeye hajui kwa nini. Akaitoa. Mama Miiba aliiweka kando ya ile nyingine kwenye kizingiti cha dirisha, akainama, akaitazama muda mrefu sana, kama mtu anayesoma barua fupi akitumaini kuna ukurasa wa pili.

"Hakuna kitu," alisema.

"Ni mimi, dada. Ni kosa langu, si la ua." Maneno yakamtoka mbio mbio, yanagongana. Alitoa kamera, akamwonyesha gurudumu, akamwonyesha gundi nyeusi iliyobaki, akamweleza habari ya utepe, habari ya ndoo tatu, habari ya kitambaa cheusi. "Niliiongezea mwanga bila kujua. Wekundu ukafurika, ukaifuta. Lakini michirizi ilikuwepo! Niliiona kwa macho yangu, niliihesabu. Mitano kila petali, na ule wa kati umegawanyika. Naapa."

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha akamshika shavu, kwa kiganja kilekile kilichojaa makovu ya miiba, kama alivyokuwa akimshika zamani alipoamka usiku akimlilia mama.

"Na mume wangu ulimwona sokoni," alisema kwa upole.

"Hapana, dada, ile ilikuwa... hii ni kweli. Hii ni kweli tupu!"

"Najua unanipenda. Nilikuuliza pale, 'Hata wewe unaiona?' Ungesema nini, wewe? Uliona nilivyotaka iwepo." Alitikisa kichwa. "Yule bwana mkaguzi hana sababu ya kunifurahisha, naye alisema jekundu. Kamera haina dada. Imeona jekundu. Mtu ukikitafuta kitu miaka kumi na moja, siku moja utakiona tu, kiwepo kisiwepo."

"Dada, nakuomba, niamini leo tu. Mara moja tu katika maisha yangu."

"Usilie, mdogo wangu. Una roho nzuri. Nimechoka tu, nataka kulifunga daftari."

Ng'aa alipiga magoti. Alimshika miguu, akaapa kwa kaburi la mama yao, akasema maneno yote aliyokuwa nayo, na kila neno alilolisema lilikuwa limeshatumika mahali pengine, kwa mtu mwingine, kwa jambo la uongo. Alilisikia hilo mwenyewe alipokuwa analisema, na bado aliendelea mpaka sauti ikamkauka.

Mama Miiba alimnyanyua, akamkalisha kwenye kiti. Akaichukua ile picha isiyoguswa, akaipaka gundi nyuma, akaibandika kwenye nafasi yake, akaisawazisha kwa kidole. Ile iliyochorwa aliikunja mara mbili na kumrudishia. Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati la Ng'aa, pale alipozoea kuchomeka kalamu ya kuandikia majina ya wateja.

"Nipe kalamu," alisema.

Akampa. Dada yake akakata mstari ulionyooka juu ya yale maneno ya asubuhi, na pembeni yake akaandika: *jekundu tu.*